Tulipokwenda Kuni

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kabla hajatokea mtu mwingine wa kuusimulia vibaya. Nilitia vidole viwili mdomoni, nikapiga mluzi mmoja mrefu na miwili mifupi, sawasawa na filimbi ya nyapara wetu, na wanawake na watoto wote waliokuwa wamejificha kwenye mkonge wakainuka, wakajipangusa vumbi, wakatokea njiani. Walitoka wakicheka. Na pale njiani, karibu kiasi cha kumrushia mtu kofia, alikuwa amesimama yule yule Mzungu ambaye tulifichwa ili asituone.

Najua unachosema. Unasema mtoto huyu anastahili bakora. Subiri kwanza. Bakora ingekuwa nafuu, na hata hiyo sikuipata.

Kambi yetu iko ng'ambo ya mto Ruvu, ambao ramani ya shuleni inauita Pangani, kana kwamba mto haujui jina lake. Ukitoka Korogwe unavuka daraja, unashika njia ya Handeni, halafu unapinda pale reli ndogo ya matroli ya mkonge inapokatiza. Hapo utaona nyumba ndefu zenye vyumba vilivyopangwa kama meno. Baba anaishi humo kwa haki kabisa. Alikuja na mkataba kutoka mbali sana, huko treni inakoishia, akapewa kipande, yaani ile kadi ya kazi, na kwenye kipande kuna namba, na ndiyo maana watu wa aina yake wanaitwa manamba. Mama ni Mzigua wa Kang'ata. Alimfuata baba kwa miguu yake, akiwa na mkeka kichwani. Yeye hana kipande. Mimi sina. Mdogo wangu wa kike, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kukimbia bila kuanguka, naye hakuwa nacho.

Sasa, kwa habari zilizofika serikalini, kambi yetu ilikuwa ya wanaume watupu, wanaolala wanne wanne chumbani na kuota makwao. Kama meneja angekubali kwamba kuna wake na watoto, ingembidi ajenge nyumba za watu wenye familia, aongeze posho ya unga na maharage, na dresa wa shamba, yule anayegawa dawa, angelazimika kutibu watoto. Lakini kutufukuza nako hakutaka, kwa sababu mwanamume mwenye mke kambini hatoroki. Kwa hiyo tuliruhusiwa kuwepo kwa sharti moja, kwamba hatupo.

Hapo ndipo neno letu la kambini linapoingia. Mama akisema anakwenda kuni na ameshika panga na kamba, hizo ni kuni za kupikia. Lakini nyapara akipita alfajiri anagonga milango kwa fimbo yake, "Leo kuni! Leo kuni!", hapo hakuna anayeshika panga. Maana yake kuna mkubwa anakuja kukagua. Wanawake wanakusanya vyungu, kanga na chupi za watoto zilizoanikwa, wanavitia kwenye magunia na kuvisukuma darini. Halafu wanafagia. Hawafagii takataka tu, wanafagia nyayo. Mguu mdogo ukionekana kwenye vumbi la kambi ya wanaume watupu, mkaguzi ataanza kuuliza manamba gani huyo mwenye mguu kama kiazi. Tukimaliza tunaingia kwenye mkonge, tunakaa kati ya mistari, kimya, mpaka nyapara apige filimbi yake, moja ndefu na mbili fupi. Hapo tumeumbwa upya, tunarudi kupika.

Kuku waliruhusiwa kubaki. Nalisema hili kwa wivu wa kweli. Mzungu akifika, jogoo wetu anatembea katikati ya kambi kifua mbele, na mimi, ninayejua kuandika jina langu kwa mwandiko wa kuungana, nimelala kifudifudi na siafu kwenye kaptura.

Hata hilo jina ninaloandika si langu hasa. Shuleni Korogwe mimi ni mtoto wa mjomba, ndugu yake mama, ambaye ana jumbe wake, yaani mkuu wa kijiji, huko Kang'ata, analipa kodi, na anajulikana. Mtoto wa manamba angeulizwa wewe ni wa jumbe gani, akakosa la kujibu. Mwalimu akiita jina la mjomba, naitika haraka kuliko darasa zima. Nina mazoezi ya kuwa mtu mwingine.

Labda ndiyo sababu kipaji changu ni kuiga. Naweza kuiga kikohozi cha mwalimu, troli lisilo na mafuta, na meneja akitukana kwa lugha tatu. Lakini kazi yangu bora ni filimbi ya nyapara. Siku moja niliwatoa wakata mkonge wa mstari mzima wakaja kupanga foleni ya posho saa tatu asubuhi. Nyapara alinikimbiza hadi mtoni, na alipochoka akakaa chini, akacheka mpaka akalia. Kila mtu alicheka vituko vyangu. Hilo ndilo lililoniharibu.

Mdogo wangu alikuwa mpenzi wa ile filimbi kuliko wote. Hakuweza kuitamka. Alisema "fii". Nikirudi likizo, kabla ya shikamoo, kabla ya kitu chochote, anasimama mlangoni na kidole chake mdomoni: "Fii!" Basi napiga fii, naye anaruka, anacheka, anataka tena.

Siku yenyewe ilikuwa likizo, kiangazi kikali. Usiku uliopita mdogo wangu alikuwa amewaka homa mpaka mkeka chini yake ukawa na joto. Hatukuwa na hofu kubwa, kwa sababu kulikuwa na njia yetu. Mtoto akiugua kambini, baba ndiye anayekwenda kwa dresa. Anajikunyata, anatetemeka, anashika kichwa, na baba yangu, ambaye hakuna mtu amewahi kumsifia kwa michezo ya kuigiza, anatetemeka vizuri kuliko mgonjwa wa kweli. Dresa anampa kwinini na maji, anasema, "Meza hapa hapa nikuone." Baba anafunga mdomo, anatikisa kichwa, koo linapanda na kushuka. Halafu anarudi nyumbani anatembea haraka bila kumjibu mtu salamu, na akifika anatema mkononi mwa mama vidonge vilivyoanza kuyeyuka. Mama anavisaga kwenye uji. Dresa, nadhani, alijua. Hakuna mtu anayeugua homa mara nyingi kiasi kile na bado anabeba matita ya mkonge.

Asubuhi ile baba alikuwa anavaa shati aende kutetemeka, ndipo fimbo ikagonga mlango.

"Leo kuni! Na wewe," nyapara akamwambia baba, "unatakiwa mstari wa mbele. Meneja amechagua wenye meno mazuri."

"Nina homa," baba akasema.

"Leo huna."

Mama akatoka na mtoto mgongoni. "Baba," akamwambia nyapara, "mwanangu yuko hoi. Niache nikae naye humu ndani, nitafunga mlango."

"Mama, humo ndani ndimo atakamoingia kwanza. Ameambiwa wanalala wanaume wanne."

"Nitamlaza chini ya kitanda."

"Akilia?"

"Halii," nikadakia. "Na akilia tutasema ni mmoja wa wale wanne, kafupishwa na kazi."

Nyapara akacheka. Naapa, alicheka, na kidogo nilidhani nimeshinda. Halafu akasema, "Peleka ulimi wako kuni," akaenda mlango wa pili.

Mkonge hauna kivuli. Mtu asiyeujua anauona kutoka kwenye treni, mistari mizuri ya kijani, anafikiri ni bustani. Kaa ndani yake. Kila jani lina mwiba wa ncha kama sindano ya kushonea magunia, na jua linashuka wima hadi utosini. Mama alikaa amekunja miguu, mtoto mapajani, ametandaza kanga juu ya majani kuwakinga wote wawili. Jirani yetu, mama wa mapacha, mwanamke asiyeweza kunyamaza hata akiwa amelala, alikuwa mstari wa pili.

"Tangu alfajiri!" akanong'ona. "Huyu Mzungu anakagua nini, anahesabu majani?"

"Anahesabu wanaume," akajibu mwingine.

"Akimfikia wangu amhesabu nusu. Nusu nyingine iko kwenye pombe."

Wakaziba midomo kwa kanga, mabega yakitikisika. Mama hakucheka. Maji ya kibuyu yalikuwa yamekwisha zamani, na alikuwa anajilowesha kidole kwa mate yake mwenyewe, anampaka mtoto kwenye midomo. Nilimwona akifanya hivyo, akangoja mate mengine yapatikane, akafanya tena.

"Bado sana?" akaniuliza, kama vile mimi ndiye niliyemkaribisha Mzungu.

"Karibu," nikasema. Nilikuwa sijui chochote.

Nikaanza kufanya kazi pekee ninayoiweza. Nilimwigizia mdogo wangu karani wa shamba anavyotembea na kalamu sikioni. Nikamwigizia meneja akipanda farasi aliyekataa. Macho yake yalikuwa wazi lakini yalinipita, yakaenda kuangalia kitu kingine nyuma yangu. Nikaendelea. Nikatoa jasho. Mwishowe akasogeza kidole, hakikufika mdomoni, akasema kwa sauti ndogo kama ya mdudu:

"Fii."

Mama akanitazama. Hakusema piga, hakusema usipige. Nikajaribu kupuliza polepole, ikatoka pumzi tupu, na mdogo wangu akafumba macho. Unaelewa? Akafumba macho, kama mtu aliyeletewa chakula kisicho chenyewe. Basi sikufikiri tena. Nikatia vidole, nikapiga ya kweli.

Akatabasamu. Meno madogo yale, yote. Nami nikafurahi kwa muda wa kupumua mara moja, kisha nikasikia mkonge wote unachakarika. Watu walikuwa wanainuka.

"Alhamdulillahi!" mama wa mapacha akasema, na alikuwa wa kwanza kutoka.

Nilisema, "Si yeye! Ni mimi!" Lakini nani anamsikiliza mzaha wangu wakati miguu imekufa ganzi na maji yako nyumbani? Wakatoka wote. Mama naye akainuka na mtoto, maana hata yeye, aliyeniona vidole vikiwa mdomoni, nadhani aliamini kwa sababu alitaka kuamini.

Pale njiani, kando ya reli ya matroli, palikuwa na wanaume wamepangwa mstari, mashati meupe, baba akiwa wa mbele na meno yake. Palikuwa na meneja, karani, nyapara mwenye filimbi ya kweli shingoni, na huyo mkaguzi mwenye kofia ngumu. Na palikuwa na dresa. Dresa amevaa koti jeupe ambalo sijapata kuliona kabla wala baadaye, amesimama nyuma ya meza iliyotandikwa kitambaa, na juu ya meza sanduku lake la dawa liko wazi, limejaa, chupa zimepangwa kwa urefu kama wanafunzi.

Mkaguzi akauliza kitu. Meneja akajibu bila hata kukohoa. Halafu karani akapaza sauti kwa Kiswahili, akitutazama sana ili tuelewe:

"Nyie wapita njia! Bwana mkubwa anasema mnaweza kupita!"

Wanawake wa kambi si wajinga. Mama wa mapacha hakupoteza hata nukta. "Ahsante bwana," akasema, "tunakwenda gulioni Korogwe, kuuza." Akiwa mikono mitupu. Wenzake wakaanza kupita mmoja mmoja mbele ya waume zao, wakiwasalimu kama watu wasiojuana. "Hamjambo jamani." "Hatujambo, mwendo mwema." Nilimwona mwanamume mmoja akimwambia mwanawe wa kumzaa, "Mtoto mzuri, wa kwenu wapi?"

Mama hakupita. Alikuwa ameona sanduku.

Akaenda moja kwa moja mbele ya mkaguzi, akapiga goti, akasema maneno mengi. Akasema mtoto anawaka tangu jana, hajanywa maji, macho yanakwenda juu, akasema, "Bwana mkubwa, dawa ile pale, naiona." Karani akasikiliza mpaka mwisho kwa adabu. Kisha akamgeukia mkaguzi akatamka maneno mawili ya Kizungu, na mimi nikayaelewa, kwa sababu ndiyo somo la kwanza kabisa la kitabu chetu. Alimwambia: anakusalimu.

Mkaguzi akagusa kofia yake.

Basi nikaruka mbele. Kizungu ninacho, nikajiambia. Kizungu changu chote kilikuwa cha kitabuni: huyu ni paka, paka yuko juu ya kiti. Nikatafuta neno la homa, halimo. Nikatafuta mgonjwa, hatujafika ukurasa huo. Nililokuwa nalo ni joto, kutoka somo la jua na mvua. Nikasimama wima kama shuleni nikamwambia kwa Kizungu safi: "Bwana, dada yangu ana joto. Dada yangu ana joto sana."

Mkaguzi akavua kofia, akajipangusa paji la uso kwa leso, akacheka kwa wema kabisa. "Ndiyo, ndiyo," akasema. "Hata mimi nina joto sana leo."

Akamgeukia meneja, akamwambia jambo kuhusu shule, akinionyesha kwa kidole, na wote wakafurahi kwamba watoto wa vijijini siku hizi wanajifunza. Akanipa mkono. Nikaupokea. Mkono wake ulikuwa umelowa jasho, na nilibaki nimeushika, sijui neno la kufuata. Nimekuwa mtu wa maneno maisha yangu yote, na pale nilibaki na paka juu ya kiti.

Mama akaacha kupiga goti. Akaenda kwa dresa mwenyewe.

"Baba, unanijua," akamwambia kwa sauti ya chini. "Mimi ni mke wa..."

Akasita. Dresa alikuwa ameshika chupa, na vidole vyake vinacheza juu ya kifuniko. Nyapara alikuwa anatazama mbinguni. Kwenye mstari, baba alikuwa amefunga mdomo, anatazama miguu yake. Neno lilikuwa moja tu, hata si jina, ni namba ya baba. Lakini angelitamka, baba ni mwongo, nyapara ni mwongo, na wale wanawake waliokuwa wanaondoka polepole na watoto wao, masikio yao yote nyuma, wangelala wapi usiku ule? Mama wa mapacha alikuwa amesimama kabisa, mkono mdomoni.

Mama akawatazama. Akamtazama baba. Akameza, nikaona koo lake linapanda na kushuka, kama baba na kwinini yake, ila yeye alimeza kweli.

"Mimi ni mpita njia," akasema.

"Safari njema, mama," dresa akajibu. Akairudisha chupa mahali pake.

Tukaondoka. Nyapara alitusindikiza mpaka njia inapopinda, na pale wanawake wakaanza kuingia tena kwenye mkonge mmoja mmoja, kungoja filimbi ya kweli. Mama wa mapacha akanifinya sikio mpaka nikaona nyota. "Shetani mdogo! Siku moja utatuua!" Kisha akamwambia mama, "Ingia, ndugu yangu, jua kali."

"Si nimesema napita?" mama akasema bila kusimama. "Basi napita."

Akapita kweli. Akashika njia ya Korogwe, na mimi nyuma yake. Gari la mkaguzi lilitukuta kabla ya daraja, likatupigia honi kwa urafiki, likatuachia vumbi.

Korogwe kuna zahanati upande wa pili wa reli kubwa. Kulikuwa na dirisha, na dirishani mtu mwenye miwani.

"Kijiji?"

"Kambi ya mkonge," mama akasema.

"Wa mkonge wanatibiwa mkongeni. Wana dresa wao."

"Kule hatupo, baba."

"Hampo vipi na ninyi hawa hapa?" Akatutazama juu ya miwani. "Jumbe wenu nani?"

"Kwetu ni Kang'ata."

"Kang'ata si huku. Kang'ata ni Handeni. Nenda kwa jumbe wako Kang'ata akupe neno lake."

Kutoka Korogwe mpaka Kang'ata ni mwendo wa kulala njiani. Mama akageuka kidogo ili yule mtu aone uso wa mtoto. Hakuuona, alikuwa anatafuta wino.

"Mama, ninyi hasa ni watu wa wapi?"

Nilisikia mama akivuta pumzi. Alikuwa amechoka mpaka uongo na ukweli vikawa kitu kimoja. "Wapita njia, bwana."

"Basi piteni. Kuna watu nyuma yenu."

Mwanamke mmoja aliyekuwa anauza maji kando ya stesheni alitupa kikombe bure. Mama akamnywesha mtoto, yakarudi yote kupitia pembe za mdomo. Akampangusa, akamfunga mgongoni vizuri, akakaza kanga, tukaanza kurudi. Alisema mkaguzi ameshaondoka, tukifika baba atakwenda kutetemeka. Alisema hivyo mara nyingi. "Baba yako atakwenda. Atakwenda tu. Sanduku limejaa, si uliliona?"

"Lilijaa mpaka juu," nikasema.

Mimi nilitembea nyuma, uso wangu ukielekeana na wa mdogo wangu. Kichwa chake kilikuwa kimelala ubavuni juu ya mgongo wa mama, macho nusu wazi. Nikamfanyia mtu wa miwani. Nikamfanyia mkaguzi na leso yake, "hata mimi nina joto, hata mimi nina joto." Nikamwambia, wewe mdogo wangu, tatizo lako hukuzaliwa kuku, kuku wana kibali. Tulipofika darajani upepo wa mto ukapiga, nikamfanyia jogoo wetu anavyopita mbele ya meneja, nikawika kabisa, watu wenye baiskeli wakageuka kunitazama. Hakucheka. Nikadhani amenikasirikia kwa sababu ya joto. Nikazidisha. Nimetoa vituko vyangu vyote siku ile, hata vile nilivyokuwa navitunza kwa sikukuu. Tumepita daraja, tumepita shamba la pili, mkonge pande zote, na mimi bado nawika, ndipo nzi akatua kwenye jicho lake, na jicho halikufumba.

Nikasimama. Mama hakusimama.

"Mama."

Aliendelea kutembea.

"Mama, ngoja. Mama!"

"Tembea," akasema.

"Tangu lini?"

"Darajani." Mgongo ule haukugeuka. "Nilimsikia."

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unamchekesha vizuri," mama akasema.

Kesho yake ilikuwa Jumapili, korona, ile mashine kubwa ya kuchambua nyuzi, imezimwa, na kambi ilikuwa kimya kiasi cha kumsikia jogoo akikwangua. Dresa alikuwa amekuja usiku kwa nyuma ya nyumba, ameleta vidonge kwenye karatasi, hajui kwamba amechelewa. Mama alivipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akavipeleka kwa mama wa mapacha, maana mmoja wa mapacha alikuwa ameamka na joto. Baba akaenda kwa nyapara kuomba nafasi kwenye makaburi ya shamba, yale yenye vibao vya namba.

"Nitaandika namba ya nani?" nyapara akauliza. Hakuuliza kwa ukatili. Aliuliza kama mtu aliyepewa hesabu isiyotoka. "Jumatatu meneja akipita, kibao kidogo kile, nitasema manamba gani?"

"Andika yangu," baba akasema.

"Wewe u hai, ndugu yangu. Nikikuandika kule, huku utakula nini?"

Baba akachukua jembe.

Tulimzika kwenye mkonge, kati ya mistari, pale pale alipotabasamu. Wanawake waliomkosha walitumia maji ya debe moja na kipande cha kitambaa cheupe cha amerikani kutoka sanduku la mama wa mapacha, na mzee mmoja wa kambi alisoma dua. Hatukuweka kibao. Nyapara alikuja na fagio na, akiwa amegeuza uso, akafagia nyayo zetu kurudi nyuma mpaka njiani, kwa sababu ndivyo alivyozoea, na kwa sababu Jumatatu ilikuwa inakuja.

Watu wakaondoka. Baba akaondoka, jembe begani. Mimi nilibaki na mama, nangoja anipige. Nilikuwa nimevua hata shati ili asipate taabu. Nilitaka kusema kitu, na kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe hakikuja kitu, hata sauti ya mtu mwingine. Mama alikuwa amekaa chini, anapapasa udongo kwa kiganja kama anavyopapasa mkeka kuona kama mtoto amekojoa. Jua likapanda. Akaninyooshea mkono, akanikalisha karibu naye, akanitazama midomo.

"Piga fii, baba," akasema. "Mwenzio bado yuko kuni."